Jimbo kukabidhiwa kazi hakuifungi mikono EPA

Wengi hudhani EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, likishalikabidhi jimbo usimamizi wa viwango vya uchafuzi wa hewa unaotoka viwandani, limejitoa kabisa. Si kweli. Kifungu cha 111 cha Sheria ya Hewa Safi kinaruhusu makabidhiano hayo, lakini kinasema wazi kwamba EPA halizuiwi kusimamia viwango vilevile. Tazama taarifa ambazo kiwanda hutakiwa kutoa: kwa kawaida nakala moja huenda jimboni, nyingine ofisi ya kanda ya EPA. Na kubadilisha kwa kiasi kikubwa njia ya kupima moshi? Ruhusa hiyo hubaki kwa EPA. Anayeishi jirani na kiwanda asikubali kuambiwa eti jimbo likinyamaza yamekwisha. Kifungu cha 304 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu hata yeye kushtaki ukiukaji wa viwango, akishatoa notisi ya siku 60.