"Wale Wako Wachache, Wanasikilizwa": Dhana za Kijiweni Ujiji Kuhusu Nchi za Visiwa

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mitumbwi ikapandishwa mchangani pale Kibirizi, nyavu zikakunjwa, na sisi tunaonunua dagaa kupeleka Dar tukawa watu wa kushinda kijiweni. Kijiwe chetu kiko Ujiji, kahawa chungu na kashata, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kukimbilia, ubishi haukukauka.

Siku moja mzee mmoja, aliyekuwa akipanda boti za mizigo za kwenda Kalemie, ng'ambo ya Kongo, enzi zake, akatoa hukumu: "Tatizo letu ni ukubwa wa nchi. Kigoma mwisho wa reli, nani akusikie? Tungekuwa Shelisheli, watu wenyewe kiganjani, unamkuta rais sokoni unamwambia, mheshimiwa, fungua ziwa, watoto wanalala njaa." Tukacheka, tukakubali. Mimi nilikubali kuliko wote.

Tangu siku hiyo nafuatilia habari za nchi ndogo za Bahari ya Hindi kama mwingine anavyofuatilia ligi, na kila nikirudi kijiweni nakuwa na la kumpinga mzee. Ubishi wenyewe umefika hapa.

"Wako wachache, wanasikilizwa"

Uchache ni wa kweli. Shelisheli ina visiwa 115 na watu kama 120,000 hivi. Manispaa ya Kigoma Ujiji peke yake inawazidi. Morisi wako kama milioni 1.2, wakati mkoa wetu kwenye sensa ya 2022 ulihesabiwa zaidi ya milioni 2.4. Kwa hiyo huyo rais wa sokoni anayemsema mzee, huenda kweli ukakutana naye.

Lakini kukutana na mtu ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine. Shelisheli wana kisiwa kimoja kinaitwa Assumption, karibu na Aldabra, mahali penye kobe wakubwa wanaojulikana dunia nzima. Mwaka 2018 watu waliingia barabarani kupinga mpango wa India kujenga kituo cha kijeshi pale. Wapinzani, ambao wakati ule ndio waliokuwa wengi bungeni, wakakataa kuuridhia, na mpango ukakwama. Kiongozi wao, Wavel Ramkalawan, padri wa Kianglikana aliyegombea urais mara sita, akashinda mwaka 2020. Ikawa mara ya kwanza kwa upinzani kushika urais tangu mapinduzi ya 1977. Ungedhani Assumption sasa imepata mtetezi Ikulu. Ni serikali yake iliyokuja kuikodisha sehemu ya kisiwa hichohicho kwa kampuni ya Qatar ijenge hoteli ya kifahari. Waliokuwa wakipiga kelele wakaanza upya, na safari hii aliyekuwa anapigiwa kelele ni mwenzao wa jana. Oktoba 2025 padri akashindwa na Patrick Herminie, wa chama kilekile alichokiondoa miaka mitano kabla.

Hapo mzee alinikatiza: "Sasa si umeona, walimtoa?" Walimtoa, ndiyo. Baada ya miaka mitano, na kwa sanduku la kura, sawa na nchi kubwa. Huko kukutana naye sokoni hakukuwasaidia.

"Watu wa visiwa wanakula utalii"

Hii nitaipitia haraka, maana hata kijiweni haikudumu. Benki ya Dunia inaiweka Shelisheli kwenye kundi la nchi za kipato cha juu. Nchi hiyohiyo, kwa hesabu ya watu wake, ni miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na heroini duniani, na suala hilo lilikuwa moja ya hoja kubwa za uchaguzi wa 2025. Mama anayemtafuta mwanawe usiku hatulizwi na pato la taifa. Na sisi tunaoishi Kigoma, tulio na Gombe ya sokwe inayotembelewa na wageni kutoka kila pembe, tungepaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba mtalii anaweza kupita mlangoni kwako miaka ishirini usione hata noti yake.

"Wakilalamika, ujue wamechochewa"

Hii ndiyo iliyotushika wiki nzima, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuambiwa hivyo.

Julai 25, 2020 meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda mwamba kusini mashariki mwa Morisi, jirani na Pointe d'Esny. Ilikaa pale siku kumi na mbili. Watu wa pwani waliiangalia kila asubuhi ikiwa imeinama, wakauliza mafuta yatatolewa lini, wakajibiwa kwamba hali imedhibitiwa. Agosti 6 mafuta yakaanza kumwagika. Tani kama 1,000 ziliingia kwenye maji ambayo watu walikuwa wanavua pweza na kupeleka watalii.

Nikamweleza mzee walichofanya, na nadhani ndiyo sehemu pekee aliyoisikiliza bila kugusa kikombe. Walikata majani ya miwa, maana Morisi ni nchi ya miwa, wakayashindilia ndani ya magunia na vitambaa vya nyavu, wakashona kwa mkono marefu kama chatu, wakayafunga na chupa tupu za plastiki yaelee, wakayaburuta baharini kuzuia mafuta. Wengine walikwenda saluni kukata nywele zikatumike humohumo, kwa sababu nywele hunasa mafuta. Serikali ikawataka wakae pembeni, kazi waachiwe wenye mamlaka. Hawakukaa. Vijana walitoka majini weusi mpaka kifuani, wanacheka na kulia.

Baadaye pomboo wakaanza kuonekana ufukweni wamekufa, makumi yao. Agosti 29 maelfu kwa maelfu wakajaa Port Louis, mji mkuu, wengi wamevaa nyeusi. Nani alimchochea mtu aliyekata nywele zake? Uchochezi wa aina gani unamfanya mtu ashone gunia usiku kucha? Mimi naona neno "wamechochewa" linatumika pale ambapo mtawala hataki kuuliza swali la pili.

Na kuna kichekesho kichungu humo. Mahakama ilielezwa kuwa meli ilisogea pwani wapate mtandao wa simu, na siku hiyo melini kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Desemba 2021 nahodha na msaidizi wake walihukumiwa miezi 20. Kijiwe chote kiliangua kicheko hapo, maana kila mvuvi wa huku anajua: usiku ukisogea ng'ambo simu inalia, "Karibu Kongo", na salio linaanza kuyeyuka.

"Nchi ndogo ikiamua, imeamua"

Ile Wakashio ilikuwa na bendera ya Panama, mwenyewe Mjapani, nahodha Mhindi, na ilikuwa inatoka Singapore kwenda Brazil. Haikuwa na shughuli yoyote Morisi. Waziri wa nchi ya kisiwa anaweza kutaka kila kitu, bado atasubiri barua za watu wanaokaa mbali.

Hili linatugusa, na hapa ndipo nilipombana mzee. Rais wake wa sokoni asingeweza kumfungulia ziwa. Makubaliano ya kupumzisha Ziwa Tanganyika yalitiwa saini Desemba 2021 na nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kufuli ni moja, mikono minne. Tungeweza kugomba kuhusu mvuvi atakula nini miezi mitatu, na tuligomba, na bado naona hapo ndipo penye lawama halali. Kwamba samaki wamepungua, hata mzee mwenyewe hakatai. Yeye ndiye anayesimulia migebuka ya zamani iliyokuwa mirefu kama mkono wa mtu mzima.

"Wakishabadilisha serikali, hasira imekwisha"

Novemba 2024 Morisi walipiga kura. Kabla ya hapo zilivuja sauti za simu zilizorekodiwa kwa siri, za wanasiasa, wanahabari, wanadiplomasia. Serikali ikafunga mitandao ya kijamii Novemba 1, ikaifungua siku iliyofuata baada ya kelele za nchi nzima. Siku tisa baadaye ikapigwa sitini bila: viti vyote 60 vya kisiwa kikuu vilikwenda kwa muungano wa upinzani wa Navin Ramgoolam, naye akawa waziri mkuu. Sitini bila imewahi kutokea huko mwaka 1982 na 1995 pia. Hawa watu wakikasirika, wanafagia.

Juni 2025, miezi saba tu baada ya ushindi huo, Ramgoolam alisoma bajeti na kutangaza kuwa pensheni ya uzee, iliyokuwa ikitolewa kwa kila mwananchi akifika miaka 60, itasogezwa hatua kwa hatua mpaka 65. Deni la taifa lilikuwa limefika kama asilimia 90 ya pato la nchi, na wazee wanaongezeka. Sababu zina mantiki, sitaki kudanganya. Lakini mtu wa miaka 59 aliyekwisha kupanga maisha yake hasomi asilimia. Wafanyakazi na vyama vyao wakaingia barabarani dhidi ya serikali waliyoiweka wenyewe.

Nilidhani hapa nimemmaliza mzee. Yeye alikuwa amekwama kwingine.

"Subiri kwanza, mwanangu. Umesema kila mwananchi?"

"Kila mwananchi, mzee."

"Hata ambaye hakuwahi kuajiriwa? Hata wa boti?"

"Hata wa boti."

Nikamwambia hata Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Hilo alikuwa amelisikia. La miaka 60 ndilo lililomtoa kijasho. Akahesabu vidole kimyakimya, ana 68 sasa. Akamgeukia muuza kahawa, akamwambia amwongezee kikombe na akiandike kwenye daftari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wengine wasisikie:

"Hiyo nchi, wanapokea wageni?"