Mitungi mingapi ya gesi inatosha saiti? Anza na kilo kwa saa

Swali tunaloulizwa sana na mafomeni ni "niagize mitungi mingapi?" na mara nyingi anaeuliza ameshapiga hesabu yake kichwani, kazi ni wiki mbili, kila siku tunachoma kilo kadhaa, gawanya kwa uzito wa mtungi, basi. Hesabu hiyo inakwambia gesi itaisha lini. Haikwambii kama mtungi utaweza kuitoa kwa kasi ambayo hita zako zinaitaka, na hapo ndo kazi nyingi zinapokwama.

Ndani ya mtungi wa LPG (gesi ileile ya kupikia, yaani propani, butani au mchanganyiko wake) gesi imekaa kama kimiminika, ukifungua koki kile kimiminika kinachemka kinageuka gesi, na ili kichemke kinahitaji joto ambalo linapita kwenye chuma cha mtungi kutoka hewa ya nje. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri kwa hiyo hata kwenye baridi kali bado inatoka, lakini butani inachemka karibu na sifuri, ndo maana asubuhi ya baridi mtungi wa butani unaweza kuwa umejaa kabisa na moto hauwaki. Ukivuta gesi kwa kasi kubwa mtungi unapoa, unatoa jasho, mwishoe unavaa barafu na presha inashuka. Fundi akiona hivyo anadhani umeisha anautoa, au anafanya kosa baya zaidi, anaupasha kwa moto wa tochi ya kuchomelea. Hilo tafadhalini msiliruhusu hata mara moja.

Chukua mfano. Una hita mbili za kukaushia plasta, kila moja kilowati 40. Kila hita inakula karibu kilo 3 kwa saa, zote mbili 6, ukiziwasha saa 10 ni kilo 60 kwa siku. Kwa uzito, mitungi miwili ya kilo 45 inatosha siku hiyo na kubaki. Ila mtungi mmoja wa saizi hiyo ukivutwa mfululizo kwenye hali ya ubaridi mara nyingi unatoa kilo 1 hadi 2 tu kwa saa, kwa hiyo unahitaji kama minne iliyoungwa pamoja, na mingine minne inasubiri upande wa pili ili ya kwanza ikichoka usisimamishe kazi. Nasema ikichoka sio ikiisha, sababu kimiminika kikishuka eneo la chuma linalokipasha nalo linapungua, ile robo ya mwisho inatoka kwa shida. Kwa hiyo oda ya lori isisubiri mtungi mtupu.

Wenye asetilini, gesi ya kuchomelea na kukatia chuma, nao wana kikomo chao, kanuni ya kawaida siku hizi ni usivute zaidi ya moja ya kumi ya ujazo kwa saa, na ukivuta mfululizo moja ya kumi na tano, na mtungi usimame wima, ukilazwa asetoni, kile kimiminika kinachoishikilia gesi ndani, inatoka nayo.

Sasa mahali pa kuiweka, hapa naomba mnisikilize vizuri. Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili, ikivuja haipandi juu ikapotea, inatambaa chini inatafuta shimo. Saiti ya ujenzi ni mashimo. Eneo mlilochagua siku ya kwanza, tambarare, wazi, mbali na njia ya magari, linaweza baada ya wiki tatu kuwa pembeni ya mtaro wa bomba ambao haukuwepo, na hakuna aliyekosea, saiti imebadilika tu. Ndo maana sisi tunasisitiza stoo ya gesi ichorwe kwenye ramani ya saiti na kila awamu mpya ya kuchimba ikianza mtu aliyetajwa kwa jina aende kuiangalia upya. Isiwe kazi ya "mtu yeyote", itabaki haijafanywa. Oksijeni itengwe na gesi za kuwaka, kanuni za Marekani kwa mfano zinataka mita 6 kwenye hifadhi au ukuta wa kuhimili moto nusu saa wenye kimo cha mita 1.5, na mafuta au grisi visiguse kabisa vifaa vya oksijeni.

Mkishaunganisha pakeni maji ya sabuni kwenye kila kiungio, na mrudie kila mnapobadilisha mtungi, msitegemee pua peke yake manake saiti ina harufu za rangi na lami.

Halafu hita zenyewe. Mkifunga madirisha yote ili plasta ikauke haraka mnajitengenezea chumba cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, watu wanaanza kuumwa kichwa wanadhani ni uchovu. Acheni hewa ipite juu na chini, na asilale mtu humo.

Mitungi mitupu ifungwe koki na isimamishwe kama iliyojaa, bado ina gesi ndani. Irudisheni na lori lilelile linaloleta mipya, sio isubiri mwisho wa mradi pembeni ya geti.