Ini lenye mafuta: K76.0 au K70.0?

Faili likinifikia limeandikwa "mafuta kwenye ini" bila neno jingine, linapata msimbo K76.0. Hapo hakuna mjadala. Ndivyo ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, inavyoelekeza pale daktari asipotaja chanzo.

Ugomvi huanza pombe ikitajwa nusunusu. Chukua maelezo ya aina hii, ambayo hayaishi mezani: "Mwanamume, miaka 46, kisukari aina ya pili, hunywa bia wikendi. Ultrasaundi: mafuta kwenye ini, daraja la pili." Mgeni wa kazi akiona bia, mkono unakimbilia K70.0, ini lenye mafuta kwa sababu ya pombe. Asubiri. Kusema mtu anakunywa si kusema pombe ndiyo iliyomuumiza ini. Uhusiano huo anauandika daktari, si sisi wa kumbukumbu. Asipouandika inabaki K76.0, na kisukari kinapata msimbo wake, E11. Ukiwa na shaka, mrudishie faili umuulize. Atanuna, lakini atajibu. Msimbo ukishaingia kwenye madai ya bima unamfuata mgonjwa, na kuna wazee wa msikitini ambao hawajawahi kuonja pombe.

Na lile daraja la pili? ICD-10 haina habari nalo. La kwanza hadi la tatu, yote ni K76.0. Kinachobadilisha msimbo ni inflamesheni, yaani ini kuvimba kwa ndani: ikithibitika, na pombe si chanzo, tunahamia K75.8. Wamarekani wana toleo lao lenye tarakimu ya ziada, K75.81, kwa hiyo usishangae msimbo ulionakili kwenye tovuti yao ukikataliwa na mfumo wako. Ultrasaundi haiwezi kuithibitisha inflamesheni hiyo. Tena jibu la ultrasaundi peke yake, daktari akiwa bado hajaandika ugonjwa, ni R93.2 tu, picha ya ini isiyo ya kawaida. Mjamzito mwenye mafuta ya ghafla kwenye ini ni dharura, naye yuko O26.6.

Mwaka 2023 wataalamu wa ini walibadili majina. Neno "isiyo ya pombe" likaachwa, ugonjwa ukaitwa MASLD, ukifungwa na unene, sukari, presha na mafuta ya damu. Wakaweka pia kundi la kati, MetALD: mwenye matatizo hayo ambaye pia hunywa, mwanamke gramu 20 hadi 50 za pombe kwa siku, mwanamume 30 hadi 60. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina kama gramu 20, kwa hiyo mwanamume wa chupa mbili kila siku yumo. ICD-10 haina chumba chake. Hata ICD-11, toleo jipya lililoanza kutumika Januari 2022 na msimbo wake wa DB92 wa ini lenye mafuta lisilo la pombe, ilitungwa kabla ya majina haya.

Daktari akiniandikia MetALD, namuuliza swali moja: kwa huyu, pombe ni chanzo? Akisema ndiyo, K70.0. Akisema hapana, K76.0, na jibu lake aliandike kwenye faili na kulisaini.