Karanga zenye ukungu: moto hauondoi sumu

Kuanzia Arua hadi Soroti, nchini Uganda, wengi huamini kwamba karanga zilizoota ukungu zikikaangwa vizuri, au zikisagwa na kupikwa mchuzi, huwa salama. Imani hiyo ina msingi: moto huua kuvu. Sumu yake, aflatoksini, ndiyo inayobaki. Joto la jikoni huipunguza kiasi tu. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayojibandika kwenye DNA (vinasaba vya seli), na seli ikigawanyika kabla ya kuirekebisha kasoro hiyo, seli mpya huirithi. Miaka ikipita, saratani ya ini yaweza kuanza, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B (nayo ina chanjo).

Kinga huanzia kwenye kukausha. Kwa mahindi, ambayo nayo hupata sumu hii, jipimie mwenyewe kama yamekauka: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, uache zitulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe, na kuku usiwape, nao hudhurika. Zinazoonekana safi zaweza kuwa na sumu pia, ila kuchambua huipunguza sana.