Katoka Maweni, matibabu yake nani alipe?

Kila tukipita mitaani hapa Tanga kutoa elimu ya TB, iwe Makorora, Ngamiani au kule Pongwe, swali hili halikosi mtu wa kuliuliza, na mara nyingi anayeuliza ana hasira zake: hivi ni haki kweli mtu kaiba, kakata watu mapanga, kala mvua zake saba pale gereza la Maweni, halafu akitoka serikali imtibie bure kwa kodi yangu mimi ninayeshinda juani nauza samaki?

Tuanze na kuondoa uvumi. Hakuna kadi ya matibabu ya bure wanayogawiwa waliotoka gerezani. Akiwa ndani serikali inambeba, na hapo hakuna mjadala, huwezi kumfungia mtu halafu umwambie akajitafutie daktari. Ila akishavuka geti anakuwa raia kama wewe, akivunjika mguu analipa, na kama hana kitu inabidi aende kwa mtendaji wa mtaa akaandikiwe barua, aipeleke ustawi wa jamii hospitali waone kama anastahili msamaha, kama masikini mwingine yeyote. Anachopata bure ni kile ambacho hata wewe muuza samaki ungepata bure, yaani dawa za TB, ARV, methadone (dawa ya kumtoa mtu kwenye uraibu wa heroini) na kadhalika.

Sasa TB nitaing'ang'ania kidogo kwa sababu ndo kazi yangu. Dozi ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo unameza mchanganyiko wa dawa nne, minne inayobaki dawa mbili. Gerezani watu wanalala wamebanana, hewa haizunguki vizuri, mmoja akiwa anakohoa wenzake wote wanavuta, ndo maana dunia nzima TB ya magerezani iko juu kuliko ya mtaani. Chukua sasa mtu kaanzishiwa dozi Januari, Machi katoka. Anajisikia mzima, kikohozi kimekata, ana mambo mia kichwani, mke kashaolewa kwingine, pa kulala hana, ndugu wanamkwepa, halafu umtegemee huyo huyo aamke asubuhi akapange foleni kwenye kliniki asiyoijua na hana hata karatasi inayosema alifikia wapi? Akiacha, vimelea vilivyobaki vinaweza kujenga usugu, na TB sugu ni habari nyingine kabisa, dawa zake ghali, madhara yake mazito, wengine mpaka wapelekwe Kibong'oto kule Siha. Na kabla hajagundulika atakuwa kashapanda daladala na watu wangapi, kashakaa baraza ngapi za kahawa. Kwa hiyo ukiniuliza kodi yako inamtibu nani, hapo inakutibu na wewe.

Halafu kuna unga, yaani heroini, na pwani yetu hii tusidanganyane, kila mtaa unawajua vijana wake. Aliyekuwa anavuta au kujidunga akikaa ndani miezi kadhaa bila kutumia, mwili unapoteza ule ustahimilivu, lakini kichwa hakijasahau, akitoka anatafuta kete ile ile kwa kipimo kile kile cha zamani na pumzi inakata. Watafiti Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington kati ya 1999 na 2003, na ripoti yao ya 2007 ilionyesha wiki mbili za mwanzo uraiani hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ukilinganisha na wakazi wengine, sababu kubwa kuzidisha dawa za kulevya. Kule kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo tangu ianzishwe 1965 kwa kawaida haimlipii mtu akiwa gerezani, na 2023 California ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa kuanza huduma fulani hadi siku 90 kabla mtu hajatoka. Hawajafanya hivyo kwa huruma tu, wamepiga hesabu. Sisi hapa methadone ipo hospitali ya Bombo, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo siku chache tu mtu akizurura bila kuunganishwa ni arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na arosto inampeleka wapi unajua mwenyewe.

Kuna lalamiko moja huwa nalikubali bila kubisha, la yule aliyejeruhiwa. Anakwambia mimi nilikatwa panga, nikaanza kuhangaikia PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi damu inanitoka, nyuzi nikalipia mwenyewe, leo mnaniambia aliyenikata atibiwe? Ana haki ya kukasirika jamani. Ila dawa ya hilo ni huyu majeruhi naye asiachwe alipe peke yake, maana kumnyang'anya mwenzake vidonge vya TB hakumrudishii hata shilingi.

Kadi maalum ya waliotoka jela mimi siiungi mkono. Ukiitoa dirishani foleni nzima imeshajua ulikotoka, na bibi wa Makorora mwenye presha asiye na hata mia atauliza kwa nini yeye hakupewa, na atakuwa sahihi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshaweka kundi la wasio na uwezo watakaolipiwa, na Katiba yetu Ibara ya 11 inataja haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu bila kuuliza kama aliwahi kufungwa. Mpime kwa umasikini wake kama wengine, basi.

Kinachotusumbua zaidi ni makabidhiano. Mfungwa tarehe yake ya kutoka inajulikana, unaweza kumwandalia barua ya uhamisho. Shida ni mahabusu, asubuhi kapelekwa mahakamani, kesi imefutwa, anaondokea huko huko na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya wanaotumia ARV, imebaki gerezani, na huyu wala hajawahi kutiwa hatiani. Shida nyingine ni msamaha wa Rais, kwa mfano 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 nchi nzima kwa mkupuo, hebu fikiria kila mwenye dozi kati yao alitakiwa aunganishwe na kituo cha kwao.

Kwa hiyo kama una ndugu anakaribia kutoka, anza kuulizia zahanati ya gereza mapema, muombe barua inayoonyesha ugonjwa, dawa na alipofikia, na akitoka mpeleke kituo cha karibu kabla dawa alizopewa hazijaisha. Kama katoka ghafla bila karatasi yoyote mlete hivyo hivyo, wahudumu watawasiliana na gereza wenyewe, na asione aibu kusema alikuwa wapi kwani bila hivyo kuna hatari ya kuanzishwa dozi upya.