Mstari wa Kilomita Tano

Wenzangu wa Diani, ufukwe ulio kusini mwa Mombasa, wanaukumbuka Mei 2014 kwa jambo moja: hoteli zilifunga milango na hata risasi moja haikulia kwetu. Nimeuza safari za Pwani ya Kenya zaidi ya miaka ishirini, na kila kijana anayeingia kazini huniuliza, "Mauaji yakitokea, mzee, watalii huogopa kwa muda gani?" Nami humuuliza: nani kakwambia wanaogopa?

Tarehe 3 mwezi ule guruneti lilirushwa kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, na mlipuko mwingine ukasikika Nyali. Siku 11 baadaye serikali ya Uingereza ikawashauri raia wake wasiende Mombasa isipokuwa kwa shughuli ya lazima. Ilani ilipimwa kama shamba la urithi: kisiwa chenyewe, pamoja na ukanda wa kilomita 5 toka baharini, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi. Uwanja wa ndege wa Moi haukuwamo. Diani pia haikuwamo, na ilani ilisema hivyo waziwazi. Ila mgeni akishuka ndegeni, ili afike Diani ilimbidi akate kisiwa chote na kupanda feri ya Likoni. Tuliruhusiwa nyumba, tukanyimwa njia.

Kampuni za utalii za Uingereza, Thomson na First Choice, zikawarudisha kwao wageni wapatao 400 na kufuta safari za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Wale niliozungumza nao walikuwa wakinung'unika kuliko kutetemeka. Walikuwa wamelipia wiki mbili na jua lilikuwa zuri.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Bima nyingi za safari zina kifungu kinachosema ukienda mahali ambapo serikali yako imekushauri usiende, ukivunjika mguu ni juu yako. Kampuni inayouza ndege, chumba na chakula kwa bei moja haiwezi kumpeleka mteja asiye na bima, kwa sababu likimfika jambo atakayeshtakiwa ni kampuni. Na ndege ya kukodi haina nusu: ama imejaa, ama hairuki. Kwa hiyo karani mmoja anachora mstari, na jumba la vyumba 200 linazimwa taa bila mgeni hata mmoja kuulizwa kama anaogopa.

Ndiyo maana huwa nalinganisha na Zanzibar. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Picha zilijaa magazeti ya London kwa siku nyingi, na ningeapa kwamba Unguja imekwisha. Lakini Uingereza haikuwashauri raia wake waache kwenda, bima zikabaki hai, msimu ukaendelea.

Simaanishi kwamba damu si kitu. Septemba 2011 mgeni aliuawa Kiwayu, huko Lamu, na mkewe akatekwa; wiki tatu tu baadaye mwanamke mwingine akachukuliwa Manda, naye hakurudi akiwa hai. Kisha duka kubwa la Westgate, Nairobi, 2013, wakauawa watu 67. Kisha shambulio la Mpeketoni, Lamu, Juni 2014. Mwaka 2011 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 1.8, kufikia 2015 hawakufika milioni 1.2. Kila tukio lilikuta jeraha la kwanza halijapona.

Kuna kitu kingine kinachodumu kuliko hofu, nacho ni maelezo yetu wenyewe. Mwaka 1988 msichana wa Kiingereza alikutwa amekufa Maasai Mara, na wakubwa wakasema kaliwa na wanyama. Babake hakukubali. Uchunguzi wa mahakama ukathibitisha kwamba aliuawa, wakashtakiwa watu, wakaachiwa, na kesi ikarudi magazetini mwaka baada ya mwaka. Simba angesahaulika upesi. Kilichoandikwa miaka yote ile ni yale maelezo ya kwanza. Mpeketoni nako Al-Shabaab walidai ni wao, rais akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Sijui mgeni wa Manchester alitakiwa aamini lipi.

Walioumia hawakuwa kwenye picha za uwanja wa ndege. Nilikuwa na mama mmoja wa Ukunda aliyepeleka mchicha na biringanya hotelini kila alfajiri. Wiki ya pili ya Juni alikuja ofisini kwangu kuuliza wageni wako wapi, kapu bado limejaa. Lamu ilikuwa mbaya zaidi: amri ya kutotoka nje usiku ilidumu miezi, na mvuvi wa usiku hana kazi ya mchana.

Juni 2015 London ikaufuta mstari. Tulichinja mbuzi, mapema mno. Mikataba ya vitanda na ndege husainiwa karibu mwaka mzima kabla, na zile ndege zilikuwa zimeshapangiwa fukwe nyingine. Nyumba zetu zilijaa kwanza Wakenya kutoka Nairobi, wakati wa likizo za shule, wakitaka nyama choma na muziki mpaka usiku wa manane. Wenye hoteli waliokuwa wakiwakunjia uso walijifunza adabu haraka.

Leo kuna barabara ya Dongo Kundu, na gari la wageni linatoka uwanja wa ndege hadi Diani bila kugusa feri. Wahandisi wanaisifu kwa kupunguza foleni. Mimi kila nikiipita naangalia upande wa kisiwa, napiga hesabu ya kilomita tano.