Asali Iliyoganda Haijaharibika

Ujumbe unaozunguka mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp jijini Dar es Salaam unadai kwamba asali ikiganda imechanganywa na sukari au imeharibika, hivyo itupwe. Dai hilo si sahihi, na linawaumiza wauzaji waaminifu wanaotuletea asali kutoka Tabora.

Asali ni sukari za asili zilizoyeyuka katika maji machache, kwa kawaida yasiyozidi asilimia 20, na mojawapo ya sukari hizo, glukosi, hujitenga polepole na kuwa chembechembe, hasa penye ubaridi. Ndiyo maana chupa iliyowekwa kwenye friji mara nyingi huganda upesi kuliko iliyoachwa kabatini katika joto letu la pwani. Ukitaka kuhakikisha, isimamishe chupa iliyofungwa vizuri ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, nawe utaziona chembe zikiyeyuka kuanzia pembeni.

Asali iliyoharibika huwa imechacha: hutoa povu, hunukia kama pombe, na kifuniko kikifunguliwa hewa hutoka kwa nguvu. Chanzo chake ni unyevu, pengine wa kijiko kilicholowa.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu chembe hizo hufanana na sukari ya dukani, lakini kuganda peke yake hakuthibitishi uchakachuaji. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo. Mweleze kwa upole aliyekutumia, na asali yako ifunike vizuri, mahali pakavu, mbali na jua.